Shabaha ni jicho kwanza, bunduki baadaye

PICHA mbili zilizunguka sana kwenye simu za vijana wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024. Ya kwanza ilikuwa ya Kim Ye-ji wa Korea Kusini, kofia kichwani na miwani maalum ya walenga shabaha usoni, mtu angedhani ametoka kwenye filamu. Ya pili ilikuwa ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mzee wa miaka 51, fulana tu, miwani ya kawaida kama ya mwalimu wetu wa hesabu, mkono mmoja mfukoni.

Watu walicheka na kutengeneza meme. Lakini angalia matokeo. Kim alipata medali ya fedha katika bastola ya hewa ya mita 10 upande wa wanawake. Dikeç naye akapata fedha katika timu mseto ya umbali huo huo, akishirikiana na Şevval İlayda Tarhan. Vifaa tofauti kabisa, medali ya rangi moja.

Somo ni hili: kifaa hakilengi. Anayelenga ni jicho, na kifaa kinalisaidia tu au kulisumbua. Kijana wa Kitale au Bungoma anayetamani kuvaa sare ya polisi, ya KDF au ya askari wa wanyamapori, au anayetaka kulenga shabaha kama mchezo, anafaa kuanzia hapo.

Kwa nini mambo haya yanatuhusu

Kutoka Kitale hadi Eldoret, ambako makurutu wa KDF hufunzwa katika kambi ya Moi, ni safari fupi ya matatu. Wenzetu wengine huishia Kiganjo kwa polisi, au Manyani kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linalosimamia mbuga za Mlima Elgon na Saiwa Swamp hapa kwetu. Kote huko, kurutu atalala tumboni mbele ya shabaha na kuulizwa na bunduki kama alikuja na macho au alikuja na miguu pekee.

Halafu kuna upande mwingine, ambao wakazi wa Cheptais, Kopsiro na Kapsokwony hawahitaji kusimuliwa. Kati ya 2006 na 2008, wapiganaji wa SLDF walitesa Mlima Elgon, kisha Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha. Mamia ya watu walikufa. Familia nyingi zilipoteza baba na wana. Kwa hivyo mtu akizungumzia bunduki Bungoma, asizungumze kama anayeuza kiatu.

Na risasi iliyokosa shabaha haipotei hewani. Machi 2020, polisi wakitekeleza kafyu Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Ndiyo maana kulenga vizuri, na kujua ni wakati gani hufai kufyatua kabisa, ni suala la uhai wa mtu mwingine kabla halijawa suala la alama.

Tafuta jicho lako kuu

Mtoto aliyechunga ng'ombe au kufukuza ndege kwenye shamba la wimbi kwa manati tayari anajua kitu ambacho wengi hawajui: kuna jicho moja linaloongoza. Kama vile una mkono wa kulia au wa kushoto, ndivyo ulivyo na jicho kuu.

Lijaribu sasa hivi. Nyosha mikono yote mbele, viganja vikiangalia nje, uviunganishe mpaka ubaki na tundu dogo katikati. Tazama mlingoti wa stima ulio mbali kupitia tundu hilo, macho yote wazi. Sasa fumba jicho la kushoto. Mlingoti ukibaki ndani ya tundu, jicho lako kuu ni la kulia. Ukipotea, ni la kushoto.

Wapo watu wenye mkono wa kulia na jicho kuu la kushoto. Hao ndio huhangaika uwanjani, risasi zikienda kando na mkufunzi akipandisha sauti. Wana njia mbili: wajifunze kuweka kitako kwenye bega la kushoto, au wabandike kipande cha tepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani ili jicho hilo lisiingilie. Hiyo tepu ni bora kuliko kufumba jicho kwa nguvu, kwa sababu misuli ya uso ikikazwa, jicho la pili pia huchoka na kuanza kutetemeka.

Vilengeo vya chuma

Bunduki nyingi ambazo kurutu atashika zina vilengeo vya chuma: ncha iliyosimama mbele, karibu na mdomo wa mtutu, na pengo au tundu upande wa nyuma. Kwa G3, ambayo Wakenya wengi wameiona begani mwa polisi, kilengeo cha nyuma ni kama ngoma ndogo inayozungushwa: pengo la umbo la V kwa mita 100, na matundu ya mita 200, 300 na 400.

Taabu ni kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Kilengeo cha nyuma kiko karibu na pua, ncha ya mbele iko umbali wa mkono, shabaha iko kule mbali. Lazima uchague kimoja. Anayeanza huchagua shabaha, kwa sababu ndiyo anayotaka kuigonga. Hapo ndipo wengi huanguka.

Piga hesabu kidogo. Tuseme kati ya kilengeo cha nyuma na ncha ya mbele kuna nusu mita. Ncha ikihama milimita 1 tu kutoka katikati, risasi itakosa kwa sentimita 20 ikifika mita 100, na kwa sentimita 40 ikifika mita 200. Kosa lililo karibu na jicho hukua kadiri risasi inavyosafiri. Ukungu wa shabaha haukui hivyo: ukilenga katikati ya duara lenye ukungu, bado uko katikati. Kwa hiyo kanuni ni moja: ncha ya mbele iwe safi machoni, shabaha iachwe iwe na ukungu.

Mwanga nao hucheza. Jua la asubuhi likipiga upande mmoja wa ncha, upande huo hung'aa na jicho hudhani katikati imehamia huko. Askari wa zamani walipaka ncha masizi ili isimetemete.

Na tundu la nyuma lina siri yake. Chukua karatasi ngumu, itoboe kwa sindano, kisha usome maandishi madogo kupitia kitobo hicho. Yanakuwa makali zaidi, sivyo? Tundu dogo huzuia miale iliyopotoka na kuacha ile iliyonyooka. Hiyo ndiyo sababu vilengeo vya tundu hushinda vya pengo kwa usahihi. Katika bunduki ya hewa ya mita 10 ya Olimpiki, darubini haziruhusiwi kabisa, watu hutumia tundu tu. Bado wanagonga kitovu cha shabaha chenye upana wa nusu milimita, risasi 60 ndani ya dakika 75.

Pumzi na kidole

Vuta pumzi, itoe, na kabla ya kuvuta nyingine kuna kituo kifupi ambapo mwili umetulia. Fyatua hapo. Ukikaa zaidi ya sekunde 8 hivi bila kufyatua, jicho huanza kukosa hewa na picha kufifia. Usilazimishe. Shusha, pumua, anza upya.

Kidole kibonyeze kifyatulio taratibu, moja kwa moja kurudi nyuma, mpaka mlio ukushtue kidogo. Ukivuta kwa ghafla unasukuma mtutu chini au kando.

Ukimaliza kufyatua risasi tatu au tano, angalia jinsi zilivyojipanga. Zikiwa zimekusanyika pamoja lakini kando ya kitovu, wewe uko sawa, rekebisha vilengeo: kile cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi ziende, cha mbele husogezwa kinyume. Zikiwa zimetawanyika kama kuku walioona mwewe, usiguse vilengeo. Tatizo ni wewe.

Darubini si dawa ya kila kitu

Vijana waliokulia kwenye michezo ya simu huamini ukiwa na darubini umemaliza. Ukweli ni kwamba darubini ina faida moja kubwa ambayo wengi hawaitaji: huweka msalaba na shabaha kwenye picha moja, kwa hiyo jicho halilazimiki kuchagua. Ndiyo maana watu wenye umri mkubwa huipenda.

Lakini darubini inayokuza mara 4 hukuza pia mtetemeko wako mara 4. Anayeanza akiona msalaba unacheza ngoma, hushtuka na kuvuta kifyatulio kwa haraka. Ukiweka jicho karibu mno, bunduki ikiruka nyuma itakupasua juu ya nyusi. Usipoweka shavu mahali pale pale kila mara, msalaba utaonekana umehama ilhali bunduki haijasonga.

Kuirekebisha ni hesabu tu. Darubini nyingi husogea kwa mibofyo, na kila mbofyo huhamisha risasi takriban milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Risasi zikianguka sentimita 14 chini ya kitovu, panda mibofyo 20. Kwa mita 50, mbofyo huo huo ni nusu yake, milimita 3.5.

Na usisahau hali ya hewa ya kwetu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yenye baridi pumzi yako pekee inatosha kufunika kioo ukungu. Kifute kwa kitambaa laini, si kwa pindo la shati lenye vumbi la barabarani, la sivyo utakikwaruza.

Miwani ina kazi tatu

Kazi ya kwanza ni ulinzi. Gesi moto na vipande vidogo vya chuma vinaweza kurudi usoni. Fundi wa kuchomelea vyuma katika jua kali anakijua kisa hiki: jicho haliuzwi dukani. Miwani ya ulengaji hutengenezwa kwa plastiki ngumu isiyovunjika vipande vipande.

Ya pili ni kurekebisha uoni. Kama unavaa miwani ya daktari, vaa hiyo hiyo au itengenezewe ya ulinzi. Walenga shabaha wakubwa hupimiwa kioo kinachofanya ncha ya mbele, si shabaha, ionekane safi.

Ya tatu ni mwanga. Kioo cha manjano huongeza utofauti wa rangi siku ya mawingu. Cha kijivu hupunguza makali ya jua la saa sita. Ila jihadhari na miwani nyeusi ya bei ya chini ya kando ya barabara: ikiwa haizuii miale ya jua inayodhuru, weusi wake hufungua mboni zaidi na kuingiza madhara mengi kuliko usingevaa chochote.

Anza na kipimo cha macho

Kijana akisikia kuna usajili wa makurutu, hukimbia asubuhi, hupiga pushapu, na wengine, kwa bahati mbaya, huuza ng'ombe wa nyumbani ili wamlipe broka. Ni wachache wanaofikiria macho. Halafu siku ya daktari, mbele ya ubao wa herufi ulio mita 6, ndoto inaisha kwa kitu ambacho kingejulikana mapema.

Rudia lile jaribio la karatasi yenye kitobo, mara hii ukitazama bango lililo mbali. Kama maandishi yasiyosomeka yanasomeka kupitia kitobo, huenda unahitaji miwani. Nenda ukapimwe katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, au Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga. Hata ukikosa kuwa askari, utaona ubao darasani, na utaona lori kabla halijafika kwenye boda yako.

Kuhusu bunduki yenyewe, hakuna njia ya mkato. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haitanii, na anayepatikana na bunduki bila cheti huenda akaishia jela miaka mingi. Anayetaka mchezo huu aupitie kwa klabu inayotambuliwa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, chini ya mkufunzi, kwenye uwanja wenye ukuta wa udongo nyuma ya shabaha. Hata risasi ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na nyuma ya shamba la mahindi huwa kuna nyumba ya mtu.

Kanuni za uwanjani ni nne, na zinaingia kwenye kiganja kimoja: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, weka kidole nje ya kifyatulio hadi uwe umelenga, na ujue kilichopo mbele ya shabaha na nyuma yake. Asiyeweza kuzikariri hizo nne akiwa usingizini, bado hajafika wakati wa kufundishwa mengine yote.