Vonnegut na moto wa Dresden: kweli au si kweli?

Mwandishi Kurt Vonnegut alirudi kutoka vitani akaandika riwaya yake Slaughterhouse-Five moja kwa moja.

Si kweli. Februari 1945, ndege za Uingereza na Marekani zilipoiteketeza Dresden, yeye alikuwa mateka wa Wajerumani, kijana wa miaka 22. Alinusurika kwa kuwa mateka walishushwa kwenye ghala la nyama chini ya machinjio. Walipopanda juu, mji haukuwapo. Wakapewa kazi ya kutoa maiti kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Riwaya ilitoka 1969, baada ya miaka 24 ya kuandika na kutupa. Wanaodhani uchungu mkubwa humwandikia mtu kitabu hawajaona unavyomkaba.

Kumrusha Billy Pilgrim, mhusika mkuu wa riwaya, huku na huku katika wakati ni mbwembwe za hadithi za kisayansi.

Si kweli, na hapa nasema kwa nguvu. Mara Billy ni mzee, mara ni mateka anayetetemeka kwa baridi, mara yuko sayari ya mbali. Aliyeathiriwa na vita hukumbuka hivyohivyo: jana humvamia bila hodi. Na moto wenyewe, ambao msomaji anausubiri tangu mwanzo, haupewi nafasi kubwa.

Dresden waliuawa watu 135,000, kama riwaya inavyosema.

Si kweli. Idadi hiyo ilitoka kwa mwandishi David Irving. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na mji huo ilihitimisha mwaka 2010 kuwa waliokufa hawakuzidi 25,000.

Kuiona vita kulitosha kumfanya aandike dhidi ya vita.

Nusu kweli. Katika sura ya kwanza anasimulia alivyomtembelea Bernard O'Hare, mwenzake wa kambini, wakumbushane ya zamani. Mary, mke wa Bernard, alikuwa amefura kwa hasira, akigongagonga trei ya barafu kwenye sinki. Kisha akalipuka: mlikuwa watoto, nawe utaandika kana kwamba mlikuwa wanaume, sinema zitengenezwe, kisha watoto wetu nao wapelekwe vitani. Vonnegut akamwahidi kwamba hatafanya hivyo. Ndiyo maana jina la pili la riwaya linataja vita vya msalaba vya watoto. Kitabu akamtunukia Mary, pamoja na Gerhard Müller, dereva wa teksi wa Dresden ambaye, kwa mujibu wa riwaya, mama yake aliteketea katika moto ule.