Jani linalouzwa kwa umri wake

Lipindue jani la pakanga ya Kichina utaona upande wa chini ni mweupe, umejaa manyoya laini kama ya kifaranga wa siku mbili. Manyoya hayo ndiyo biashara. Kijani cha jani, mishipa na kikonyo chake, kwa mwenye kinu, ni vumbi la kuchekechwa litoke.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua jina pakanga kutoka kitabu cha Ufunuo, ile nyota iliyotia maji uchungu. Ukoo wa mimea hii ni mkubwa. Huyu wa China wataalamu humwita Artemisia argyi. Wenyeji humwita ai, basi. Siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda yao ya mwezi, wakati wa sikukuu ya mashua za joka, mashada yake hutundikwa milangoni kufukuza wadudu na maradhi. Mkato wa kwanza shambani, ule unaothaminiwa kuliko yote, nao huangukia karibu na siku hizo.

Majani hukaushwa juani, huwekwa ghalani, kisha husagwa na kuchekechwa mara nyingi mpaka zibaki nyuzi tupu zinazoshikana kama pamba. Hiyo ndiyo moksa, jina ambalo Wazungu walilitoa kwa Wajapani, wanaoiita mogusa. Husokotwa ndani ya karatasi iwe kijiti cha sentimita 20 hivi, kinene kama kidole gumba. Tabibu hukiwasha ncha moja na kukishikilia karibu na ngozi bila kuigusa, mahali penye maumivu au kwenye nukta anazozijua, hadi ngozi iwe nyekundu. Tiba ambayo sisi huku huiita ya sindano, Wachina huiita zhenjiu: zhen ni sindano, jiu ni huo moto. UNESCO iliziweka zote mbili pamoja katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010.

Sasa njoo kwenye bei. Pamba hii hupangwa gredi kwa uwiano wa kilichoingia kinuni na kilichotoka. Gredi ya 5 kwa 1 maana yake kilo 5 za jani zimetoa kilo 1 ya pamba. Hiyo ni ya vijiti vya kawaida. Ya 30 kwa 1 ina rangi ya dhahabu na ulaini wa kubembeleza. Hiyo waganga wa Kijapani huifinyanga iwe kama punje ya mchele na kuiwashia juu ya ngozi yenyewe. Kwa hiyo namba unayolipia ni hesabu ya kilichotupwa, na mnunuzi hakuwapo kilipotupwa.

Juu ya namba hiyo kuna nyingine: umri. Mencius, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, tayari aliizungumzia pakanga iliyokaa miaka 3, na hadi leo vipeto vingi hujisifia miaka hiyo. Sababu ipo. Jani bichi lina mafuta mengi yenye harufu kali, moto wake unauma. Likikaa, mafuta hupungua na joto huwa la upole. Lakini ghala lililojaa jani la miaka 3 ni mtaji uliolala miaka 3, unaolipiwa kodi ya jengo na kulindwa dhidi ya unyevu na ukungu. Kuandika “miaka 3” kwenye kipeto kunagharimu wino tu. Ugonjwa mkubwa wa biashara hii naona uko hapo.

Tena vipimo rasmi havimsaidii mnunuzi. Kitabu cha serikali ya China cha viwango vya dawa, toleo la 2020, kilitaka jani la ai liwe na sineoli isiyopungua asilimia 0.050. Sineoli ni sehemu ya yale yale mafuta yanayopotea ghalani. Jani la kuchemsha na kunywa linapimwa kwa harufu iliyobaki. La kuchoma linasifiwa kwa harufu iliyokwisha.

Majina ya mahali nayo yana bei yake. Qichun, mkoani Hubei, inauza jina la Li Shizhen, mganga wa karne ya 16 aliyezaliwa huko na kuandika kitabu cha dawa, Bencao Gangmu. Nanyang, mkoani Henan, inauza wingi: vinu, vijiti, vipeto vya kuoshea miguu, mito, sabuni, mikanda ya tumbo, dawa za kuchoma za mbu kutokana na lile vumbi. Nayo ina mganga wake, Zhang Zhongjing wa zama za Han. Katika dawa zinazonasibishwa naye imo ya kuzuia damu kwa wanawake, inayochemsha ai pamoja na gundi ya ngozi ya punda. Ndiyo, gundi ile ile iliyopunguza punda wa Kenya na Tanzania hadi Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi zao mwaka 2024. Ai hukatwa na kuchipua, punda hachipui.

Je, inatibu? Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Jiangxi, likachapishwa mwaka 1998 katika jarida la JAMA: wajawazito 260 ambao watoto walikuwa wamekaa matako chini. Kwa waliochomewa moksa karibu na kidole kidogo cha mguu, asilimia 75 ya watoto waligeuka kichwa chini kufikia wiki ya 35, dhidi ya 48 kwa wenzao. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote. Kampala nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliijaribu kwa wagonjwa wa kifua kikuu, kama nyongeza ya vidonge, si badala yake. Kuinywa ni habari nyingine: pakanga zina thujoni, sumu ya neva kipimo kikizidi, na mjamzito asijaribu.

Mkulima wa kwetu anayetamani soko hili amkumbuke ndugu yake, Artemisia annua wa dawa ya malaria, aliyempa mtafiti Tu Youyou Nobel mwaka 2015. Bei ya dawa hiyo, artemisinini, ilipita dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005, wakulima wa Afrika Mashariki wakapanda. Kufikia 2007 ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200. Na huyo aliuzwa kwa kipimo cha maabara ambacho hakina ubishi.

Mnunuzi mzoefu wa moksa yeye hasomi kipeto. Anafungua karatasi, anafinya pamba kati ya vidole viwili kuona kama kuna kijiti au vumbi. Anatazama rangi: ya kijani bado changa, ya manjano imekaa. Kisha anawasha kidogo, ananusa moshi, anangoja jivu. Likiwa jeupe na limeshikana, ndipo anauliza bei.