Kununua Kompyuta Mpakato ya Nyumbani: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Fedha

Mama mmoja mkaazi wa Nkoma, hapa mjini Mbale, alifika kituoni akiwa na kompyuta mpakato aliyoifunga ndani ya kitenge. Alikuwa ameinunua majuma mawili kabla, kutoka kwa kijana aliyekutana naye karibu na stendi ya teksi, ili mwanawe wa sekondari apate kuandikia kazi za shule na yeye mwenyewe aweke hesabu za duka lake. Bei ilikuwa chini kuliko zote alizokuwa ameulizia madukani. Kompyuta ilipoanza kusumbua, fundi aliirejesha katika hali ya kiwandani; ilipoungwa na intaneti, skrini ikaonyesha jina la shule moja iliyo ng'ambo ya mpaka na kudai nywila ya shule hiyo. Mama huyo alifanya jambo la busara: aliileta mwenyewe. Hakushitakiwa. Lakini kompyuta ilibaki kwetu kuwa kielelezo, na fedha zake, akiba ya msimu mzima wa maharage, hazikurudi. Yule kijana hakuwa ameandika jina lake mahali popote.

Hatukisimulii kisa hiki ili kumlaumu mtu. Katika mikutano ya ulinzi wa jamii, wananchi walio karibu na Malaba, Busia na Lwakhakha walizoea kutuuliza juu ya mifugo na pikipiki. Siku hizi wanatuuliza pia wanunue kompyuta ya namna gani, na kwa nani. Sisi si wauzaji, wala hatupendekezi kampuni yoyote. Hata hivyo tumeona jambo moja mara nyingi: mnunuzi asiyejua anachohitaji ndiye anayevutwa kwa urahisi na bei ya ajabu. Kwa hiyo tutaanza na kompyuta yenyewe, kisha tuje kwenye sheria.

Kwanza mtu ajiulize kazi. Nyumba nyingi zinahitaji kuandika barua, kutunza hesabu, kusoma na kujibu barua pepe, kujaza fomu za serikali katika intaneti, kumsaidia mtoto na masomo, na kutazama video jioni. Kazi hizi hazihitaji mashine ya bei kubwa. Zinahitaji vitu viwili ambavyo wauzaji wengi hawavitaji mpaka waulizwe. Cha kwanza ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, inayoitwa RAM: gigabaiti 8 zinatosha kwa miaka kadhaa, gigabaiti 4 zitamfanya mtumiaji asubiri kila afunguapo ukurasa. Cha pili ni hifadhi ya aina ya SSD badala ya diski ya zamani inayozunguka. SSD ya gigabaiti 256 huwasha kompyuta kwa sekunde chache, haina sehemu inayozunguka ndani, na kwa hiyo hustahimili mitikiso ya barabara zetu. Diski ya zamani hujivunia ukubwa, terabaiti nzima pengine, lakini huifanya mashine nzuri ijikokote kama gari lililokwama matopeni.

Halafu kuna prosesa, na hapa ndipo udanganyifu unapostawi. Muuzaji atasema kwa fahari, "Hii ni Core i7," na mnunuzi ataridhika, kwa kuwa saba ni zaidi ya tatu. Namba hiyo peke yake haitoshi. Prosesa za Intel zina vizazi, na kizazi husomwa katika tarakimu zinazofuata mstari mdogo: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, iliyotoka mwaka 2017, i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013. Jina la pili linasikika kubwa zaidi, lakini la kwanza lina viini vinne vya kufanyia kazi na la pili lina viwili tu. Ombeni kuiona namba nzima ndani ya kompyuta yenyewe, katika ukurasa wa mipangilio unaoeleza mfumo, wala msiitegemee karatasi iliyobandikwa karibu na kibodi. Karatasi hubandika yeyote.

Kizazi kina maana nyingine iliyo nzito zaidi tangu mwaka 2025. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta inayoendelea kutumia mfumo huo huwaka na kufanya kazi kama kawaida, ila mianya mipya ya usalama inayogunduliwa haizibwi tena kwa utaratibu ule wa zamani. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, huhitaji walau RAM ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa jumla, kizazi cha 8 au cha baadaye. Ndiyo sababu kompyuta nyingi zilizotumika, za kizazi cha 6 na cha 7, zimeshuka bei ghafla katika maduka ya Mbale, Jinja na hata ng'ambo. Si lazima kuzikimbia. Fundi mwaminifu aweza kuweka mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na unaendelea kusasishwa, na mashine hiyo ikatumika vyema kwa kuandika na kusoma. Lakini bei iwe ya mashine ya zamani, na mnunuzi aambiwe ukweli. Tahadhari pia na Windows 11 iliyolazimishwa ndani ya mashine isiyostahili: inaweza kuonekana nzuri dukani, na baadaye ikakosa masasisho.

Dukani, msiwe na haraka. Iwasheni kompyuta bila chaja na muitumie kwa nusu saa huku mkizungumza. Betri iliyochoka hujitangaza yenyewe. Katika Windows kuna amri, powercfg /batteryreport, inayotoa taarifa yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Kama ya pili imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza, hesabuni gharama ya betri mpya ndani ya bei. Bonyezeni kila kitufe cha kibodi. Chomekeni kumbukumbu ndogo ya USB katika kila tundu. Jaribuni kamera, spika na intaneti isiyo na waya kwa kuiunga na simu yenu, kwa maana nyumbani wengi wetu tutatumia intaneti ya simu. Fungueni na kufunga bawaba za skrini mara kadhaa. Zikilia au kulegea, kuna safari ya fundi mbele.

Chaja nayo itazamwe. Umeme wetu ni wa volti 240, na hupanda na kushuka, hasa unaporudi baada ya kukatika. Chaja ya asili, au iliyo na volti na ampea zilezile zilizoandikwa chini ya kompyuta, hustahimili zaidi kuliko ile ya mtaani isiyo na jina. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake. Kwa kompyuta mpakato fyuzi ya ampea 3 inafaa, na mtu asikubali kuwekewa waya mtupu badala yake. Tumeitwa kwenye mioto ya nyumba kiasi cha kutosha kuligusia jambo hili, japo si shabaha ya makala. Kwa wanaotumia umeme wa jua, kompyuta inayochajiwa kwa tundu la USB-C huwa rahisi zaidi kuhudumia, mradi kifaa cha kuchajia kiwe na wati za kutosha.

Sasa tuje kwenye uhalali wake.

Kila kompyuta mpakato ina namba yake ya pekee kutoka kiwandani. Imeandikwa upande wa chini, na imehifadhiwa pia ndani, katika ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows kuanza. Kwa Dell hubonyezwa F2 mara mashine inapowashwa, kwa HP ni F10. Linganisheni namba hizo mbili. Zikitofautiana, au ile ya chini ikiwa imekwanguliwa, ondokeni. Mkizuiwa na nywila kuufungua ukurasa huo, na muuzaji haijui, jiulizeni ni mwenye mali gani asiyeweza kuingia katika mali yake. Kisha ombeni kompyuta irejeshwe katika hali ya kiwandani mbele ya macho yenu na iungwe na intaneti. Hatua hii moja ingemwokoa yule mama wa Nkoma, kwa sababu shule na ofisi nyingi huziandikisha kompyuta zao kwa namna ambayo hata zikifutwa, hulitaja jina la mwenyewe zinapogusa intaneti. Kompyuta za Apple nazo hudai akaunti ya mmiliki wa awali.

Mtu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, anatenda kosa la jinai katika Uganda na vilevile Kenya. Maneno "sababu ya kuamini" yana uzito. Bei ya robo ya thamani, mauzo ya usiku, muuzaji asiyetaka kutaja jina: haya yote mahakama huweza kuyatazama. Na hata mnunuzi aliyenunua kwa nia njema kabisa, asiye na kosa, kwa kawaida hapati umiliki wa kitu kilichoibwa, kwa kuwa mwizi hana umiliki wa kumpa. Kitu hurudi kwa mwenyewe. Mnunuzi hubaki na haki ya kumdai aliyemuuzia, kama atampata.

Kumpata kunategemea karatasi. Dukani, dai risiti yenye jina la duka, tarehe, bei, aina ya kompyuta na namba yake ya pekee. Kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano, wekeni nakala ya kitambulisho chake cha taifa, na mtie saini mbele ya mwenyekiti wa LC I, kama tunavyofanya tunapouziana ng'ombe au kiwanja. Wengine huona haya kumtaka mtu wa mtaani mwao hati kwa sababu ya kompyuta. Lakini ng'ombe tunamwandikia, na kompyuta nyingine ina bei ya ng'ombe. Ikiwezekana lipeni kwa pesa za simu kuliko taslimu, kwani muamala huacha jina, namba na saa.

Kwa wale wanaovuka mpaka kutafuta bei nzuri, jambo lenyewe ni halali, lakini lina utaratibu. Katika orodha ya pamoja ya ushuru wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta zimewekwa kwenye asilimia sifuri. Wengi husikia hapo tu, wakadhani hakuna la kutangaza. Ushuru wa forodha si kodi pekee, na bidhaa iliyonunuliwa kuletwa nchini hutangazwa hata kama ushuru wake ni sifuri. Wengine hutegemea ile hati rahisi ya uasili inayotumiwa na wafanyabiashara wadogo kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Hiyo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, kama mahindi na maharage, wala haifuniki kompyuta iliyoundwa Asia. Katika vituo vya pamoja vya Malaba na Busia, hiki cha Busia kikiwa kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018, maofisa wa pande zote huketi mahali pamoja, na kuuliza hakulipishwi. Ulizeni kabla ya kununua, onyesheni risiti, pokeeni stakabadhi ya kila kinacholipwa.

Njia ya panya ni hadithi nyingine. Wazee wetu wanaokumbuka magendo ya kahawa ya miaka ya 1970 katika miteremko ya Elgon wanajua kwamba aliyepita gizani hakuweza kumshitaki aliyemwibia gizani. Kompyuta iliyopita huko hukosa stakabadhi, na ikikamatwa mwenyewe hushindwa kuonyesha kwamba ni yake, hata kama kweli aliinunua kwa jasho lake.

Ikisha kufika nyumbani, pigeni picha ya ile namba ya pekee kwa simu, kisha mtumieni ndugu anayeaminika picha hiyo, maana simu na kompyuta huibwa pamoja. Wekeni nywila. Mkikuta ndani ya kompyuta iliyotumika picha au nyaraka za mtu mwingine, msizifungue wala kuzisambaza. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inahusu mambo ya namna hiyo. Nanyi mnapouza ya kwenu, ifuteni kikamilifu. Wakaazi wa mabondeni, walioona Nabuyonga na Namatala zikifurika mwishoni mwa Julai 2022, hawahitaji kuambiwa kwamba kompyuta na risiti yake hazifai kuwekwa sakafuni.

Ikiibwa, njooni kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyohiyo mkiwa na namba ya pekee na risiti, na msiondoke bila namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu katika kitabu cha matukio. Kwa dharura, kama vile mwizi angali ndani, pigeni 999 au 112. Bila namba ya pekee tunaweza kuandika tu kwamba kompyuta nyeusi imepotea, na kompyuta nyeusi ni nyingi. Tukiwa nayo, wenzetu wa ng'ambo nao wanaweza kuitafuta.

Na aliye na kompyuta ambayo sasa, baada ya kusoma haya, ameanza kuishuku, aije nayo kama alivyofanya yule mama. Shule ile ilikuwa imeandika namba za kompyuta zake zote katika daftari, na ndiyo sababu tuliweza kujua ni ya nani kabla jua halijatua.