Leza ya Kurekebisha Uoni: PRK, LASIK na SMILE Zinatofautianaje?

Wapo wakazi wa Igogo na mitaa mingine ya Mwanza wanaofika kliniki ya macho na ombi moja: wapigwe "mionzi" waachane na miwani. Wengine ni vijana wasioona mbali. Wengine ni wazee wenye mtoto wa jicho, ambao leza hii haiwasaidii, au wenye presha ya macho, ambao kuchelewa tiba huwapotezea uoni usiorudi tena. Ni vema basi mhudumu wa afya na mgonjwa wafahamu upasuaji huu unafanya nini na haufanyi nini.

Konea ni kioo cha mbele cha jicho, chenye unene wa takribani nusu milimita. Pamoja na lenzi iliyo nyuma yake, hupinda mwanga ili uangukie kwenye retina. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kufika retina, na vitu vya mbali huonekana kwa ukungu. Leza huondoa sehemu ndogo ya konea ili kubadili mpindo wake. Kwa hiyo, konea iliyo nyembamba mno haiwezi kupunguzwa bila hatari.

Njia tatu

*PRK* ndiyo kongwe, na ilianza kutumika kwa binadamu mwishoni mwa miaka ya 1980. Daktari huondoa utando wa juu wa konea, kisha leza huchonga chini yake. Utando huota upya kwa siku 3 hadi 5 zenye maumivu na machozi, na uoni hutulia baada ya wiki kadhaa au miezi. Faida yake ni kwamba hakuna kifuniko kinachokatwa. Hivyo huwafaa wenye konea nyembamba kiasi, pamoja na mabondia, askari na wengine wanaoweza kupigwa usoni.

*LASIK* ilienea miaka ya 1990. Hukatwa kifuniko chembamba, kikafunuliwa kama ukurasa wa kitabu, leza ikachonga, kisha kikarudishwa. Maumivu ni machache na wengi huona vizuri siku inayofuata. Hata hivyo, pigo kali linaweza kukisogeza kifuniko hicho hata baada ya miaka. Neva za konea nazo hukatwa, ndiyo sababu macho hukauka katika miezi ya kwanza.

*SMILE* iliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Leza hukata kipande chembamba ndani ya konea, na daktari hukitoa kupitia tundu la milimita 2 hadi 4. Kwa kuwa hakuna kifuniko, ukavu huwa mdogo kuliko wa LASIK. Uoni huchelewa kidogo kung'aa, na marekebisho ya baadaye ni magumu zaidi.

Matokeo ya mwisho ya njia hizi hukaribiana. Kinachoamua ni hali ya jicho na kazi ya mtu. Mvuvi wa dagaa hutegemea taa katika usiku wa giza. Duara za mwanga kuzunguka taa zinaweza kumsumbua kwa miezi, naye anapaswa kulijua hilo kabla. Baada ya upasuaji, asioge ziwani wala kusugua macho mpaka daktari wake amruhusu.

Nani asifanyiwe?

Wasifanyiwe walio chini ya miaka 18, ambao namba ya miwani yao imebadilika ndani ya mwaka mmoja, wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye ukavu mkali wa macho.

Hatari kubwa zaidi ni keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na kuchongoka, mara nyingi kwa vijana wenye mzio wanaosugua macho. Mwanzoni dalili huweza kuwa moja tu: miwani inabadilishwa kila mara. Leza huweza kuuharakisha ugonjwa huo. Mhudumu wa afya akimwona kijana wa namna hii, amwelekeze kwa daktari bingwa wa macho mapema. Kituo kisichopima unene na umbo la konea kabla ya upasuaji kisiaminiwe.

Yasiyoondolewa na leza

Baada ya miaka 40, wengi bado watahitaji miwani ya kusomea. Aliyekuwa na namba kubwa aendelee kuchunguzwa retina, kwa kuwa urefu wa jicho lake haujabadilika. Vilevile atunze taarifa ya vipimo vyake vya awali: akipata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atazihitaji ili kuchagua lenzi sahihi.

Miwani haikati konea, na kwa wengi ndiyo tiba inayotosha.