Lin Zexu

Lin Zexu (30 Agosti 1785 – 22 Novemba 1850) alikuwa afisa wa serikali ya China wakati wa nasaba ya Qing. Anajulikana hasa kwa kuharibu shehena kubwa ya afyuni (kasumba) ya wafanyabiashara wa kigeni mwaka 1839, tendo lililofuatwa na Vita vya Kwanza vya Afyuni.

Alizaliwa Fuzhou, kusini-mashariki mwa China, katika familia isiyo tajiri, akapanda cheo kupitia mitihani ya serikali.

Biashara ya afyuni

Tangu mwaka 1757 Wazungu waliokuja kwa bahari waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari ya Guangzhou (Kanton) tu. Waingereza walinunua chai nyingi, lakini Wachina hawakuhitaji sana bidhaa zao, hivyo chai ililipwa kwa madini ya fedha. Pengo hilo lilizibwa kwa afyuni kutoka Uhindi. China ilikuwa imeipiga marufuku. Kwa hiyo Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi ya Mashariki iliiuza kwa mnada mjini Kolkata, na wafanyabiashara binafsi waliiingiza China kwa magendo. Kufikia miaka ya 1830 fedha ilikuwa ikitoka China badala ya kuingia.

Baadhi ya maafisa walimshauri Kaisari Daoguang aihalalishe afyuni na kuitoza kodi. Lin alipinga, na kaisari akamtuma Guangzhou kama mjumbe maalumu.

Mwaka 1839

Lin alifika Machi 1839. Alisimamisha biashara na kuwazuia wageni katika mtaa wao kwa takriban wiki sita, mpaka wakatoa makasha zaidi ya 20,000. Kuanzia tarehe 3 Juni, huko Humen, afyuni hiyo ilitiwa katika mashimo yenye maji, chumvi na chokaa, kisha ikasukumwa baharini. Kabla ya hapo Lin alimwomba radhi mungu wa bahari kwa uchafu huo.

Lin aliona amewashinda walanguzi. Lakini Charles Elliot, mwakilishi wa Uingereza, alikuwa amewaahidi wafanyabiashara kwamba serikali yake itawafidia. Hivyo iliyoharibiwa haikuwa tena mali ya magendo ya watu binafsi, bali dai la serikali yenye manowari.

Lin alimwandikia pia Malkia Victoria, akidhani kwamba afyuni ilikatazwa Uingereza. Kumbe iliuzwa huko kihalali kama dawa.

Baadaye

Manowari za Uingereza zilipofika mwaka 1840, Lin alilaumiwa, akaondolewa madarakani na kuhamishiwa Ili, mpakani mwa magharibi. Kwa Mkataba wa Nanjing (1842) China iliitoa Hong Kong, ikafungua bandari tano na kulipa dola milioni 21, zikiwemo milioni 6 za afyuni iliyoharibiwa.

Akiwa Guangzhou, Lin alikuwa ameagiza magazeti na vitabu vya Wazungu vitafsiriwe. Tafsiri hizo alimpa rafiki yake Wei Yuan, aliyezitumia katika kitabu kikubwa kuhusu nchi za ng'ambo, akitetea kwamba China ijifunze ufundi wa Wazungu ili iweze kuwazuia. Kitabu hicho kilisomwa hata Japani.

Lin alirudishwa kazini baadaye, akafariki njiani kuelekea Guangxi, alikotumwa kukomesha uasi.