Reed, Taylor au Blades: Nani mlinzi bora wa Miami?

Wakutanishe mashabiki wawili wa futiboli ya Chuo Kikuu cha Miami, na ubishi utaanza kabla hawajakaa vizuri. Katika walinzi wote wa nyuma waliowahi kuichezea timu ile, nani zaidi? Mmoja atasema Ed Reed. Mwingine atamkatiza: Sean Taylor! Na akiwapo mtu mzima aliyeiona Miami ya miaka ya 1980, atawataka wote wawili wanyamaze kwanza, amtaje Bennie Blades.

Katika mchezo huu wa Wamarekani, mlinzi wa nyuma ndiye anayezuia pasi ndefu. Akipitwa yeye, mara nyingi hakuna mwingine wa kuokoa. Akiinasa pasi, mpira unakuwa wa timu yake, naye ana ruhusa ya kukimbia nao hadi akafunge.

Mimi ni wa Reed. Alinasa pasi 21 akiwa chuoni, rekodi ya Miami, na 9 kati ya hizo ni za msimu wa 2001 peke yake. Lakini hata bila hesabu hizo ningemchagua kwa mchezo mmoja, ule wa Boston College, Novemba 2001. Miami ilikuwa haijafungwa msimu ule, inaongoza 12 kwa 7, dakika ya mwisho inayoyoma na wapinzani wako yadi chache tu kutoka kwenye mstari. Pasi ikarushwa, ikamgonga mguuni Mike Rumph, ikaangukia mikononi mwa Matt Walters, jitu la safu ya mbele. Walters akaanza kukimbia. Reed akamfikia mwenzake huyo huyo wa timu moja, akampokonya mpira, akachanja mbuga yadi 80 hadi kufunga. Mechi ikaisha 18 kwa 7, na Miami ikaenda kutwaa ubingwa wa taifa bila kupoteza hata mchezo mmoja. Hatari ya kuuangusha mpira ule ilikuwa kubwa, lakini Reed alijua nani mwenye mbio.

Wanaomtetea Taylor wana hoja nzito. Mwaka 2003 alinasa pasi 10, akazirudisha 3 hadi kufunga, na alikuwa na umbo na kasi ambavyo ni nadra kuviona katika mwili mmoja. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake mwaka 2007, akiwa na miaka 24, na uchungu wa kifo kile bado umo ndani ya kila mjadala unaomhusu. Naelewa. Ila hapa tunapima kazi ya chuoni tu, si yale ambayo angeyafanya baadaye.

Na kwa kipimo hicho, anayedhulumiwa ni Blades. Pasi 10 za Taylor zilifikia tu rekodi aliyoiweka yeye mwaka 1986. Jumla yake ni 19, ya Taylor 14. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Jim Thorpe, ya mlinzi bora wa nyuma wa vyuo, pamoja na Rickey Dixon wa Oklahoma. Kisha Miami ikaifunga Oklahoma hiyo hiyo 20 kwa 14, ikawa bingwa. Nafasi ya pili nampa Blades, Taylor anafuata.