Kasese: Kujenga Vipya au Kutengeneza Vilivyopo?

Katika biashara ya utalii utepe hukatwa kwenye kitu kipya. Hakuna waziri anayealikwa kuzindua mbao zilizobadilishwa kwenye daraja la zamani, na hapo ndipo bajeti nyingi zinapopotea. Hata wenye bustani kubwa za burudani wamelipa ada ya somo hilo. Disneyland ya California, iliyofunguliwa 1955, ililijenga upya eneo lake la Fantasyland mwaka 1983, na mpaka leo watu wanapanga foleni hapo. Jirani yake, Disney California Adventure, ilifunguliwa mpya kabisa mwaka 2001, wageni wakaisusa, na kufikia 2012 ilikuwa imemeza zaidi ya dola bilioni 1 za marekebisho.

Kasese, magharibi mwa Uganda, haina bembea za umeme. Ina milima, wanyama na chumvi, na vivutio vyake vingi vimezeeka. Hifadhi ya Queen Elizabeth ilianzishwa 1952. Milima ya Rwenzori ilifanywa hifadhi ya taifa 1991 na kuingia katika orodha ya urithi wa dunia 1994, kisha ikafungwa 1997 hadi 2001 kwa sababu ya vita vya waasi wa ADF. Kwa maoni yangu shilingi ya kwanza iende kwenye ukarabati, na ianzie kwenye njia za kupanda mlima.

Anayepanda Rwenzori halalamikii rangi ya ukuta. Analalamikia tope. Kwenye vinamasi vya Bigo mguu huzama mpaka gotini, na ndiyo maana zikawekwa njia za mbao. Mbao hizo huoza upesi kwa mvua, na za kubadilishia hazina gari la kuzifikisha huko juu isipokuwa mabega ya wapagazi. Ni gharama isiyoonekana kwenye picha ya matangazo. Lakini njia ikikatika, mgeni hufupisha safari, na siku moja ikipungua hupungua pia ujira wa mpagazi, wa mpishi na wa kiongozi, wengi wao Wakonzo wa vijiji vya bondeni. Njia ya Kilembe ni ushahidi: ilikaa miaka mingi bila wageni, kampuni ya Rwenzori Trekking Services ikaifufua na kuiwekea kambi, na leo inashindana na ile kongwe ya Nyakalengija.

Kuna kisichokarabatika, nacho ni barafu. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, barafu ilifunika kilomita za mraba kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Anayeweka fedha zake zote kileleni anauza bidhaa inayoyeyuka. Mzunguko wa ziwa Mahoma, ulio chini zaidi na usiohitaji kamba wala viatu vya barafu, una maisha marefu kibiashara.

Katwe, penye ziwa la chumvi, inafundisha kinyume: si kila kilichopo kinastahili kukarabatiwa. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa na Wajerumani kilishindwa mara tu kilipoanza, mabomba yakaliwa na maji ya ziwa, na sasa ni chuma chakavu. Mashamba ya chumvi ya wenyeji, ya karne nyingi, bado yanatoa chumvi na bado yanaleta wageni wa kulipia kiongozi. Kukifufua kiwanda kile kwa jina la utalii kungekuwa kutupa fedha ziwani.

Halafu kuna mteja ambaye Kasese imemzoea mno hata haimwoni. Mpaka wa Mpondwe kila siku hupitisha wafanyabiashara wa Beni na Butembo, miji ya Kongo, wengi wao wakizungumza lugha moja na watu wa Bwera. Wanalala, wanakula, wananunua, kisha wanarudi Kasindi, upande wa pili wa mpaka, bila kuiona boti ya mfereji wa Kazinga katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda ina viwango vya ada vya raia wa Jumuiya, vilivyo chini ya vile vya dola vya wageni wa nje. Mteja huyo hatafuti hoteli ya kifahari. Anataka choo safi, basi la siku moja, chakula cha bei ya kawaida, na mtu wa kumweleza kwa Kiswahili. Usalama nao ni sehemu ya bidhaa: baada ya mauaji ya shule ya Lhubiriha, Juni 2023, na ya watalii ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth Oktoba mwaka huohuo, hakuna rangi mpya inayoweza kuuza safari mbele ya kituo cha ulinzi kisicho na watu.

Nani alipe? Sheria inazipa jamii jirani asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini, nazo zina madarasa na zahanati za kujenga. Wa kubeba mzigo wa ukarabati ni mwenye kibali cha kuendesha biashara ya utalii hapo, na hapo muda wa kibali ndio unaoamua. Wa miaka michache atapaka rangi. Wa miaka 20 ataezua paa. Kilembe tatizo ni kubwa zaidi. Mgodi wa shaba ulisimama 1982, mto Nyamwamba ukafurika vibaya 2013 na tena 2020, na mkataba wa Tibet Hima, kampuni iliyokodishwa mgodi huo, ukavunjwa 2017. Nyumba za mgodi zinafaa kabisa kulaza wapanda mlima, lakini benki gani itamkopesha mtu kwa ajili ya nyumba ambayo mwekezaji wa shaba anaweza kuidai kesho?